Kiti Katika Magazeti ya Kale ya Kiingereza

Anayesoma magazeti ya Uingereza ya karne ya 19 hukutana mara kwa mara na neno "chair", yaani kiti, mahali ambapo habari haihusu samani hata kidogo. Taarifa ya mkutano hutangulia kusema ni nani aliyekuwa kitini, kisha ndipo ieleze watu walikutana kwa ajili gani. Kelele zikizidi bungeni, mwandishi hunukuu wabunge wakipaza sauti, "Kiti! Kiti!", wakidai utulivu mbele ya Spika. Wapo wanaoyaona haya kuwa mazoea matupu ya uandishi. Mimi nayasoma kama ushahidi wa siasa, kwa kuwa kiti ndicho kilichotenganisha mkutano halali na kundi la watu tu, na utengano huo uliwahi kugharimu maisha.

Tarehe 16 Agosti 1819, watu wanaokadiriwa kufika 60,000 walijaa uwanja wa St Peter's mjini Manchester kudai mageuzi ya Bunge. Wengi wao hawakuwa na haki ya kupiga kura. Hata hivyo, kabla ya hotuba walimchagua kwanza mwenyekiti, Henry Hunt. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusema wakati askari wa farasi walipovamia. Zaidi ya watu kumi walikufa na mamia wakajeruhiwa. Hunt akakamatwa, na pamoja naye John Tyas, mwandishi wa The Times aliyekuwa jukwaani. Uchaguzi ule wa mwenyekiti haukuwa jambo dogo. Kumweka mtu kitini, kutoa hoja na kuiunga mkono ni taratibu za Bunge lenyewe, na watu waliofungiwa mlango wa Bunge walikuwa wakizitumia hadharani. Serikali ililielewa hilo vizuri: mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kubana mikutano ya watu zaidi ya 50. Kwa hiyo gazeti lililoandika kwamba Hunt alichukua kiti lilikuwa limekwisha kukiri kwamba pale palikuwa na mkutano wenye utaratibu, wala si ghasia.

Litaletwa pingamizi kwamba magazeti hayohayo yalitumia neno hilo kwa desturi ya kumbeba mshindi wa uchaguzi kitini, mabegani mwa mashabiki, barabara nzima. Hapo utaratibu uko wapi? William Hogarth, aliyechora shamrashamra hizo katika miaka ya 1750, alimwonyesha mbunge akiyumba nusura aanguke. Lakini mchoro huo unanisaidia: mbunge yule yuko juu kwa sababu wengine wamekubali kumbeba, na wakichoka au wakigombana, heshima yake inaporomoka naye. Viti vya chuma vinavyoshika reli, ambavyo navyo vimejaa katika habari za kale, naviacha. Hilo ni jina la mafundi.

Pingamizi gumu zaidi linatoka Marekani. Jimbo la New York lilipitisha mwaka 1888 sheria ya kuua wafungwa kwa umeme, na William Kemmler akawa wa kwanza kuuawa hivyo, akiwa ameketi kwenye kiti cha umeme, katika gereza la Auburn, tarehe 6 Agosti 1890. Miongoni mwa waliopigania njia hiyo alikuwa Alfred Southwick, daktari wa meno wa Buffalo, mtu aliyezoea kuhudumia wagonjwa wakiwa wameketi. Baadaye magazeti yakaacha hata kutaja umeme, yakaandika tu kwamba fulani anakwenda kitini. Nakubali kwamba kiti hiki hakikurithi chochote kutoka kwa kile cha mwenyekiti. Hata hivyo msomaji wa wakati ule hakuvichanganya, kwa kuwa kitenzi kilimwongoza: mmoja alichukua kiti kwa ridhaa ya waliohudhuria, mwingine alipelekwa kitini kwa amri ya mahakama. Ndiyo maana mtafiti anayehesabu tu neno hili katika magazeti ya kale atapotea. Anapaswa kwanza kutazama ni nani aliyemkalisha nani, na kwa idhini ya nani.