Chrome Ilivyowatesa Wapima Programu Hadi Ikaletwa Isiyojisasisha

Mwaka 2004, Chicago, Marekani, jamaa mmoja wa ThoughtWorks alichoka kubofya kurasa zilezile kila siku kuona kama zinafanya kazi. Akaunda programu ya kubofya badala yake. Jina? Utani mtupu! Kampuni kubwa ya zana za majaribio ilikuwa Mercury, yaani zebaki. Jamaa akatania kwamba dawa ya sumu ya zebaki ni selenium. Ndo ikawa Selenium.

2008 ikaja Chrome, inayojisasisha kimyakimya. Balaa ni kwamba ChromeDriver, dereva wake, lazima alingane nayo toleo. Unalala kila kitu freshi, asubuhi Chrome imepanda, dereva kabaki nyuma, majaribio yote chali. Bosi anauliza nani kaharibu! 2021 matoleo yakaanza kutoka kila wiki 4, kilio kikazidi.

Mwishoni mwa 2022 Selenium ikaanza kutafuta dereva sahihi yenyewe. 2023 Google wakatoa Chrome for Testing: ukichagua toleo, linabaki hapohapo.

Sasisho humlinda mtumiaji, sawa. Ila kipimo kikibadilika usiku, utajuaje kilichoharibika ni kazi yako au kipimo chenyewe?

Ishawahi kukukuta? Tiririka hapo chini.