Mshauri Elekezi: Huru kwa Maana Gani?

Matangazo ya zabuni yametuzoesha "mshauri elekezi". Alianzia kwenye barabara na madaraja. Siku hizi anaitwa hata na mama anayesindika siagi ya karanga katika chumba kimoja Dodoma. Istilahi yenyewe imekaa vizuri. Inasema mtu huyu hushauri na kuonyesha njia, na kazi inabaki mikononi mwa mwenye kiwanda. Ugumu uko kwenye neno linalofuata, pale anapoitwa mshauri huru wa usalama wa chakula.

"Huru" hapo limebebeshwa mizigo miwili. Wa kwanza ni kwamba mtu hana mwajiri, anakodiwa kazi kwa kazi. Kwa hilo Kiswahili kina msemo wake, wa kujitegemea, kama tunavyosema mwandishi wa kujitegemea. Wa pili ni kwamba hanufaiki na jibu lolote atakalokupa, na huo ndio uhuru hasa. Mtu anaweza kuwa na sifa ya kwanza akakosa ya pili: amejiajiri, ofisi yake ni begi na kompyuta ya mkononi, lakini anapokea kamisheni kwa muuza mashine za kukaangia karanga.

Hebu tubaki kwenye karanga. Mshauri akija kukutengenezea mpango wa HACCP, mfumo wa kudhibiti hatari za chakula ambao Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, iliutolea mwongozo mwaka 1993, kazi yake ya mwanzo ni kuchambua hatari, kisha kutaja hatua za udhibiti: zile ambazo zikilegea, hakuna hatua ya mbele itakayookoa chakula. Kukaanga vizuri huua bakteria wa salmonela. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, ni jambo jingine. Moto wa kikaango huipunguza tu, hauimalizi. Kwa hiyo udhibiti wake uko mlangoni, gunia linapopokelewa na kupimwa, na kwenye meza ya kuchambulia, punje zilizokunjamana, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zinapotolewa. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na jicho peke yake haliwezi kuthibitisha hilo. Sasa mwenye kamisheni atakuandikia nini? Kikaango kipya. Meza, taa nzuri na ada ya maabara havimwingizii kitu.

Halafu kuna mkaguzi, ambaye wengi humchanganya na mshauri. Mshauri hujenga mfumo pamoja nawe. Mkaguzi huja baadaye kuona kama mfumo huo unafanya kazi. Taasisi inayotoa cheti cha ISO 22000, kiwango cha kimataifa cha usalama wa chakula, hairuhusiwi kukushauri juu ya mfumo uleule itakaouthibitisha. Akikuambia mtu mmoja kwamba atakuandikia mpango, ataukagua na atakupa cheti, mpe chai aende zake.

Hata mkaguzi wa nje si kinga. Mwaka 2011 huko Colorado, Marekani, kampuni ya ukaguzi ya kukodiwa ililipatia shamba la Jensen Farms alama 96 kwa 100. Fomu yenyewe ilieleza kwamba maji ya kuoshea matikiti hayakutiwa dawa ya kuua vijidudu, na alama zikabaki palepale juu. Matikiti hayo yakasambaza listeria, watu 33 wakafa. Mkaguzi alikuwa wa nje, sawa. Hakukuwa na sheria iliyomlazimisha kuita kasoro ile kasoro.

Ndiyo maana napendekeza mkataba wako useme "mshauri elekezi wa kujitegemea", na neno huru litolewe kwenye cheo liwekwe kwenye masharti: kwamba halipwi na muuza mashine, dawa za usafi wala maabara yoyote, kwamba malipo yake hayategemei kupatikana kwa cheti, na kwamba kumbukumbu zote zinabaki mali yako, kwa lugha wanayoisoma wafanyakazi wako.

Na kabla hujamlipa yeyote, kumbuka kwamba kwa Tanzania Bara masuala ya usalama wa chakula yako kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu 2019, yalipotoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Alama ya ubora hutolewa na shirika hilo. Mshauri haiuzi. Kama wewe ni mjasiriamali mdogo, anzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ukaombe barua ya utambulisho, kisha uende TBS mwenyewe ukaulize.