Alama ya Kuuliza ya Mwaka 1895: Historia ya Utambuzi wa Ugumu wa Ghafla wa Kumeza na Kusema

Mgonjwa anayeshindwa ghafla kumeza, huku akiwa amepwewa na sauti, kwa kawaida huchunguzwa koo kwanza. Insha hii inaonesha jinsi madaktari wa Ulaya wa karne ya 19 walivyojifunza kukitafuta chanzo chake ubongoni, na inahoji desturi ya kuyahesabu mabadiliko hayo kuwa ugunduzi wa mtu mmoja.

Ushahidi wa awali ulitolewa na mgonjwa ambaye mwenyewe alikuwa daktari, Gaspard Vieusseux wa Geneva. Mwaka 1810, Alexander Marcet aliwasilisha habari za ugonjwa wake mbele ya chama cha madaktari na wapasuaji cha London. Zilitajwa kizunguzungu, kupwewa na sauti, ugumu wa kumeza, kwikwi, kulegea kwa kope la kushoto, ganzi ya upande mmoja wa uso, na kupotea kwa hisia za maumivu na joto katika upande wa pili wa mwili. Dalili zilihifadhiwa kwa uaminifu. Kilichokosekana ni anatomia ya kuziunganisha.

Mwaka 1895, Adolf Wallenberg wa Danzig alieleza dalili zinazokaribiana na hizo kwa mwanamume wa miaka 38. Alikisia kwamba ateri ya nyuma na chini ya serebela ilikuwa imeziba, ikaharibu ubavu wa medula, mahali ambapo viini vya neva za kumeza na sauti vimepakana na njia za hisia za maumivu na joto. Katika kichwa cha makala yake, jina la ateri hiyo lilifuatwa na alama ya kuuliza. Mgonjwa alifariki mwaka 1899, na uchunguzi wa maiti uliochapishwa mwaka 1901 ukathibitisha mahali pa jeraha.

Sindromu hiyo leo huitwa kwa jina la Wallenberg. Hata hivyo, baina ya maelezo hayo mawili dalili hazikubadilika. Kilichobadilika ni ramani ya shina la ubongo, kazi ya wanaanatomia wengi. Hoja hii ina uzito wa kitabibu pia. Kwa kuwa nguvu za mikono na miguu aghalabu hubaki, kiharusi cha aina hii huweza kudhaniwa ugonjwa wa koo, na mgonjwa akapewa chakula kinachoingia mapafuni. Pasipo na mashine ya kupiga picha za ubongo, kupima hisia za uso na za mwili kwa sindano kungali njia ya kufikia swali lile lile la Wallenberg.