Faili Kubwa Zinazokataa Difragimenti: Aina, Sababu na Tiba

Difragimenti ni kazi ya kuhamisha vipande vya faili vilivyotawanyika kwenye diski na kuvipanga mfululizo, ili kichwa cha kusomea kisirukeruke juu ya sahani. Kazi hiyo inazihusu tu diski za sahani zinazozunguka. Diski za SSD hazina kichwa wala sahani; kuzipanga upya hakuongezi kasi ya maana, bali hula uhai wa seli zake.

Mbinga mjini, na vilevile Mbamba Bay na Liuli kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, faili kubwa hupatikana zaidi kwa wapiga video wa harusi na kwaya, kwenye vibanda vya kuingiza filamu kwenye flashi, na katika ofisi za vyama vya ushirika vya kahawa. Hutawanyika kwa njia tofauti. Video iliyopakuliwa kwa programu ya torenti hufika vipande vipande bila mpangilio. Filamu mpya inayoingizwa kwenye diski iliyokaribia kujaa hujazia mapengo yaliyoachwa na filamu zilizofutwa. Hifadhidata ya mapokezi ya kahawa hukua msimu hadi msimu, na kila inapoongezeka hukuta nafasi ya jirani imeshachukuliwa.

Sababu ya faili kukataa kupangwa hutambuliwa kwa taarifa, si kwa kubahatisha. Katika Windows, amri ya defrag D: /A /V hutoa taarifa ya diski nzima bila kuhamisha chochote. Mstari muhimu kuliko yote ni ule unaotaja ukubwa wa nafasi tupu iliyo pana zaidi. Kwa faili moja, programu ndogo ya Contig iliyoandikwa na Mark Russinovich huonyesha idadi ya vipande vyake, na huweza kuipanga faili hiyo peke yake.

Sababu ya kwanza, na ya kawaida, ni kukosa nafasi tupu ya mfululizo. Jumla ya nafasi tupu na upana wa nafasi hiyo ni vitu viwili. Ghala la kahawa linaweza kuwa na nafasi ya magunia 100 kwa jumla, lakini kama nafasi hizo zimetawanyika kati ya marundo, rundo moja la magunia 50 halipati pa kukaa. Ndivyo ilivyo kwa diski ya terabaiti 1 yenye GB 60 tupu ambamo pengo pana kuliko yote ni GB 3: video ya GB 12 haitapangika hata programu ikiendeshwa usiku kucha. Programu ya Windows XP ilidai asilimia 15 ya diski iwe tupu kabla ya kufanya kazi kikamilifu. Tiba ya uhakika ni kunakili faili kubwa kwenye diski nyingine, kuhakiki kwamba nakala zinafunguka, kufuta za mwanzo, kisha kuzirudisha moja moja.

Sababu ya pili si kasoro. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu ya difragimenti huviacha kwa kawaida vipande vyenye MB 64 au zaidi, na taarifa yake husema wazi kwamba haivihesabu. Hesabu inaunga mkono uamuzi huo. Video ya GB 12 iliyogawanyika katika vipande vya MB 64 ina vipande 192. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutumia takriban milisekunde 13 kukifikia kipande kipya, yaani sekunde 2.5 kwa faili nzima. Mtazamaji wa video ya saa mbili hawezi kuzigundua. Contig inayoonyesha vipande vingi wakati Windows inaonyesha sifuri haipingani nayo. Zinahesabu vitu tofauti.

Faili za mfumo ni aina ya tatu. Pagefile.sys na hiberfil.sys hazihamishwi Windows ikiwa inafanya kazi. Hiberfil.sys huondolewa kwa amri ya powercfg /h off, nayo huundwa upya hali ya hibernate ikiwashwa tena.

Aina ya nne ni faili zilizobanwa na NTFS, mfumo wa faili wa Windows, yenyewe. Ubanaji huo hufanyika kwa mafungu ya klasta (vizio vya nafasi ya diski) 16, jambo linalozalisha vipande vingi mno. Video tayari imebanwa na kamera, hivyo kuibana tena ni hasara tupu. Alama ya kubana iondolewe kwanza.

Ya tano ndiyo ya hatari. Umeme ukikatika faili ikiandikwa, diski inaweza kuwekewa alama ya kuhitaji ukaguzi, na difragimenti hukataa kuanza mpaka chkdsk D: /f ikamilike. NTFS hulinda rekodi zake kwa jarida, lakini hailindi maudhui ya faili namna hiyo. Pale sekta zinapokuwa mbovu, kipande hakisomeki na uhamishaji hukwama hapo hapo. Diski ya namna hiyo haifanyiwi difragimenti kabisa, wala haianziwi na chkdsk /r, ambayo husoma diski nzima kwa saa nyingi na kuichosha zaidi. Hunakiliwa kwanza, kwa kuanza na faili ambazo haziwezi kupatikana kwingine: video ghafi za harusi na hesabu za wakulima, kisha filamu.