Ubingwa wa baiskeli na ushiriki wa vijana

Viongozi wa michezo hupenda kusema kwamba bingwa mmoja huvuta watoto elfu, hasa wanapotafuta wafadhili. Katika baiskeli kauli hiyo ni kweli nusu. Ubingwa huongeza vijana pale ambapo ngazi ya chini imekwisha kusimama: mbio za karibu na nyumbani, klabu, mtu wa kufundisha na baiskeli ya kuanzia. Ngazi isipokuwepo, bingwa huzaa watazamaji tu. Bungu, kata ya Wilaya ya Kibiti iliyo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara, ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii, kwa sababu huko baiskeli ni chombo cha kila siku ilhali mbio za baiskeli si jambo la kila siku.

Tuanze na Uingereza. Bradley Wiggins alishinda Tour de France mwaka 2012, Chris Froome akafuata 2013, na wanachama wa chama cha baiskeli cha nchi hiyo wakapita 100,000 mwaka 2014. Hata hivyo, nchini England safari za baiskeli ziliendelea kuwa takriban 2% ya safari zote. Waliojiandikisha waliongezeka, barabara hazikubadilika sura. Uholanzi ni kinyume chake. Tangu Joop Zoetemelk mwaka 1980 haijatoa mshindi wa Tour ya wanaume, na bado takriban robo ya safari za nchi hiyo hufanywa kwa baiskeli. Watoto wa huko hawakusubiri shujaa. Miaka ya 1970 wazazi waliandamana kupinga vifo vya watoto barabarani, na njia za baiskeli zikajengwa. Froome mwenyewe alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza kwa David Kinjah huko Kikuyu, akaiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka 2006 kabla ya kuanza kuiwakilisha Uingereza. Jina lake lilizunguka dunia, lakini kazi ya kuwalea watoto wa Kikuyu ilibaki kwa Kinjah na klabu yake ya Safari Simbaz.

Atakayepinga atataja Eritrea na Rwanda, na ana haki. Biniam Girmay alishinda hatua tatu za Tour mwaka 2024 na kurudi na jezi ya kijani, na Asmara ikalipuka kwa shangwe. Ila mpangilio wa matukio usigeuzwe: Eritrea iliandaa mbio zake za kuzunguka nchi kwa mara ya kwanza mwaka 1946, kwa hiyo Girmay ni tunda kabla ya kuwa mbegu. Rwanda ndiyo hoja ngumu zaidi. Adrien Niyonshuti alishindana Olimpiki ya London 2012, kisha Wanyarwanda wakatwaa Tour du Rwanda kuanzia Valens Ndayisenga mwaka 2014 hadi Samuel Mugisha mwaka 2018. Hapo ubingwa ulivuta kweli, lakini mbio zenyewe zilipita mlangoni mwa watu bila kiingilio, na baadhi ya waendeshaji walikuwa wamewahi kubeba abiria na mizigo kwa baiskeli. Mtoto alimwona jirani, si picha ya gazetini. Mashindano yalipopandishwa daraja mwaka 2019 timu kubwa za nje zikaja, na hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeyatwaa tena. Mwaka huohuo Kigali iliandaa ubingwa wa dunia, wa kwanza Afrika, na kandokando ya barabara kulijaa watu.

Kwa Bungu, pingamizi linalosikika haraka ni umaskini: baiskeli ya mbio ni ghali. Ni kweli, lakini kujifunza hakujawahi kungoja baiskeli ya mbio. Mtoto asiyefikia kiti hupitisha mguu chini ya bomba la juu, akakanyaga pedeli akiwa amejipinda upande mmoja, na kwenye mchanga nje ya lami hiyo si kazi ndogo. Mbio za baiskeli za kawaida, zenye keria na gia moja, zingetosha kuwaanzisha watoto kama huyo. Kikwazo kikubwa zaidi, nionavyo, ni umiliki. Baiskeli ya nyumbani ni ya baba, na ni ya kazi. Mvulana huipata akitumwa. Msichana hutumwa nayo mara chache, na akitumwa hutazamwa. Barabara yenye lami nzuri ya kukimbilia ndiyo hiyohiyo ya malori na mabasi ya Mtwara. Mtoto huyo anaweza kuwa amemwona Girmay kwenye simu ya kaka yake usiku. Asubuhi nazi zimeshafungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu, na baiskeli imeondoka na baba.