Mlango wa Gorée na Mkarafuu wa Kizimbani

Mgeni anayefika Unguja kwa siku chache aghalabu huuziwa matembezi mawili kwa siku moja. Asubuhi hupelekwa Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa. Mchana hupakiwa garini hadi Kizimbani au Kidichi kuonja viungo. Nimeyafuata matembezi hayo zaidi ya mara moja, na kila mara nimerudi na dukuduku lilelile: mbona habari moja imekatwa vipande viwili, kila kipande na kiingilio chake?

Mkunazini watu hunyamaza wenyewe. Unainama kuingia vyumba vya chini, dari iko karibu na utosi, mwanga unapenya kwenye vitundu vyembamba tu. Wapo wanahistoria wanaosema vyumba vile vilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, lakini hilo si kila mtembezaji hulitaja. Nje kuna sanamu iliyotengenezwa na msanii Clara Sörnäs mwaka 1998: watu watano wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Katika kanisa lililojengwa hapo mnaoneshwa madhabahu, ambapo yasemwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba alioutia saini Sultani Seyyid Barghash kwa shinikizo la Waingereza. Kwenye maelezo niliyoyasikia, hadithi huishia hapo: soko likafungwa, kanisa likajengwa, twendeni tukale.

Mchana kikundi kilekile kiko kivulini. Kijana mwenye kisu anabandua gome la mdalasini watu wanuse. Anapasua kungumanga, na basbasi inaonekana imeikumbatia mbegu kama nyavu nyekundu. Anafungua tunda la mzingefuri na kuwapaka wageni midomo. Mwenzake anaparamia mnazi huku akiimba. Wanaume wanavishwa tai za makuti, wanawake mataji. Karafuu inapita mkono kwa mkono. Neno mtumwa, lililotajwa asubuhi kila baada ya hatua tatu, sijalisikia hata mara moja chini ya miti ile.

Na hali karafuu ndiyo iliyomleta mtumwa huyo. Sultani Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Oman, mashamba ya mikarafuu yalitanda, na karafuu ni zao la mikono. Aliyewahi kuchuma anajua: utungo unakatwa mmoja mmoja juu ya tawi, unachambuliwa makonyo, unaanikwa jamvini, na ukichelewa kidogo maua yanafunguka na thamani imekwisha. Mikono hiyo ilitoka bara, mingi pande za Ziwa Nyasa, ikapitia Kilwa. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata soko likafungwa, lakini utumwa wenyewe haukufungwa nalo. Hali ya utumwa ilikuja kuondolewa kisheria mwaka 1897. Ina maana kwa zaidi ya miaka ishirini baada ya soko kufungwa, shambani bado kulikuwa na watumwa.

Sasa tazama wenzetu wa Senegal. Gorée ni kisiwa kidogo mbele ya Dakar, safari ya dakika kama ishirini kwa feri, hakina gari hata moja. Nyumba ya Watumwa, iliyojengwa karibu mwaka 1776, ina ngazi mbili zilizopinda kama kiatu cha farasi. Chini kuna vyumba na ushoroba unaoishia kwenye mlango mwembamba unaotazama bahari. Boubacar Joseph Ndiaye, askari wa zamani wa jeshi la Ufaransa, aliitunza nyumba hiyo kwa miongo kadhaa hadi alipofariki mwaka 2009. Alisimama hapo akasimulia kuwa mamilioni walipitia mlango ule wasirudi tena. Mandela alifika mwaka 1991, Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, Obama mwaka 2013.

Mamilioni hayo siyakubali. Wanahistoria, Philip Curtin akiwa mmoja wao, wamesema Gorée ilisafirisha sehemu ndogo tu ya watu waliouzwa Afrika Magharibi. Bandari kama Ouidah ziliizidi mbali sana. Tena nyumba yenyewe ilikuwa ya familia ya masignare, wanawake wafanyabiashara wa damu mchanganyiko waliomiliki watumwa wao wenyewe. Lakini Ndiaye alitoka katika nchi ya magrioti, wasimulizi wa jadi, ambako habari ya mji haihesabiwi kuwa ipo mpaka atokee mtu wa kusimama na kuisema. Alisimama, akaisema, na dunia ikaja kusikiliza.

Sisi mila yetu ni sitara. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, tunasema, na tunafunga mlango. Sitara hiyo ina sababu zake, na siidharau. Wengi waliopita Gorée walivuka bahari, na wajukuu wanarudi kutoka Marekani kama mahujaji, wanalia, wanapanda feri. Unguja waliouzwa wengi walibaki. Baada ya 1897 wengi wao waliendelea kuishi na kulima mashambani mwa waliokuwa mabwana zao. Wameoana, wamezikana, wanaswali safu moja. Kumwita mtu mjukuu wa mtumwa mpaka leo ni tusi, na siasa za kabla ya Mapinduzi ya 1964 zilionesha jinsi kidonda hicho kinavyoweza kuchokonolewa. Mlango wa Gorée unatokea baharini. Wa Unguja ulitokea shambani, na walioupita tunao.

Ndiyo maana naona sitara yetu imepitiliza. Haimfichi tena aliyedhalilishwa, inamfuta. Mchumaji wa karafuu wa karne ya 19 alikuwa fundi. Alijua tawi lipi linabeba mtu na jua lipi linakausha bila kuunguza, na ujuzi huo upo Kizimbani na Pemba mpaka leo. Kumtaja hakumvunjii mtu heshima.

Kutoka Mkunazini hadi Kizimbani si safari ya saa nzima kwa gari. Wewe unayetembeza wageni, itumie njia hiyo kuunganisha asubuhi na mchana. Na kabla hujampa mgeni karafuu anuse, mwambie mashamba ya kwanza ya mikarafuu kisiwani hapa yalilimwa na nani.