Nani Kasema Mtoto Hana Kipaji?

Barua ya wiki hii inatoka Nyarubungo, wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Aliyeiandika ni mkulima mwenye binti wa kidato cha pili. Mwisho wa muhula binti alirudi nyumbani na ripoti iliyoandikwa kwa Kiingereza, na mbele ya somo la hisabati mwalimu ameandika kwamba mtoto hana “aptitude”. Mzee wetu alimwuliza jirani wa kwanza, akaambiwa maana yake ni kwamba mtoto hana kipaji. Akamwuliza wa pili, akaambiwa hana uwezo. Wa tatu akamaliza kabisa: hana akili. Mwakani binti atachagua masomo ya kidato cha tatu, na baba anauliza: nimwachishe fizikia na kemia? Na haya maneno ya Kiingereza, “talent”, “gift”, “aptitude” na “ability”, ni mamoja au yanatofautiana?

Yanatofautiana, ndugu yangu, na tofauti yenyewe si ndogo kama inavyodhaniwa.

Tuanze na “talent”, ambalo kwetu limekuwa talanta. Kwa Wayunani wa kale talanta ilikuwa mizani, kisha ikawa uzito unaopimwa kwa mizani hiyo. Talanta ya Athene ilikuwa na uzito wa kilo 26 hivi, na kwa kuwa fedha ilipimwa kwa uzito, talanta ikawa hesabu ya mali nyingi sana. Ilikuwaje mali ikageuka kuwa akili ya mtu? Chanzo ni mfano maarufu katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Bwana mmoja alisafiri, akawakabidhi watumishi wake mali: mmoja talanta tano, wa pili mbili, wa tatu moja. Wawili wa kwanza walifanya biashara wakazalisha. Yule wa tatu alichimba shimo akaifukia. Wahubiri wa Ulaya waliufafanua mfano huo kwa karne nyingi, na kufikia karne ya 15 Waingereza walikuwa wakiliita “talent” jambo lolote ambalo Mungu amemkabidhi mja wake alitumie.

Lakini uusome mfano huo tena kwa makini. Yule bwana aligawa talanta kwa kuangalia uwezo wa kila mtumishi. Kumbe uwezo ulikuwa jambo moja, na talanta jambo jingine! Talanta ilikuwa mtaji. Na yule wa tatu hakulaumiwa kwa kupewa kidogo. Alilaumiwa kwa kufukia.

Neno la pili ni “gift”. Hili linatokana na kutoa, nalo humkumbusha msikilizaji kwamba yuko mtoaji. Ajabu ni kwamba kwa Wajerumani, waliojenga boma pale Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, neno hilohilo leo maana yake ni sumu. Kwa kipaji wao husema “Begabung”, yaani kile mtu alichopewa. Na hapo wanakutana na sisi uso kwa uso. Kipaji chetu kinatokana na kupa, na ndiyo maana wahenga wakasema mpaji ni Mungu. Kipawa nacho kinatokana na kupawa, umbo la kale la kupewa. Karama imetoka Kiarabu, katika mzizi wa ukarimu na heshima. Waislamu huitaja kwa mambo ya ajabu ambayo Mungu huwajalia mawalii, na Wakristo kwa vipawa vya Roho.

Kwa majirani wa Ngara, ng’ambo ya mpaka, Warundi na Wanyarwanda husema “ingabire”, kutokana na “kugaba”, kitenzi kilichotumika pia kwa kumgawia mtu ng’ombe. Katika Burundi ya zamani ulikuwapo mkataba ulioitwa “ubugabire”. Tajiri alimpa mtu ng’ombe, na aliyepewa alipaswa kumchunga, kumtunza na kutimiza wajibu kwa aliyempa. Ng’ombe wa namna hiyo hakuwa sifa ya kujivunia tu. Alikuwa kazi ya kila siku, asubuhi na jioni. Mtu aliyepewa akamwacha afe kwa njaa, asingesema kwamba hakujaliwa.

Sasa tuje kwenye neno la ripoti, “aptitude”. Asili yake ni Kilatini, nalo lina maana ya kufaa, kuwa tayari kupokea. Ni utabiri: huyu akifundishwa, atashika upesi. Lugha yetu inalo neno zuri hapo, nalo ni welekevu. “Ability” ni uwezo unaoonekana leo: mpe hesabu, aifanye. Tena tuna ujuzi na ustadi, ambavyo haviji ila kwa kufundishwa na kurudia.

Mfano ni huu. Mwalimu Julius Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Mtu ambaye angempima kusoma mwaka mmoja kabla angeandika kwamba uwezo wake ni sifuri, na asingekosea. Lakini kama angeendelea akaandika kwamba mtoto yule hana welekevu, au hana kipaji, angekuwa amefanya kosa kubwa. Mtoto yule ndiye aliyekuja kufasiri Shakespeare kwa Kiswahili, na tafsiri yake ya Julius Caesar ikachapishwa mwaka 1963.

Kuchanganya maneno haya kumewahi kutuumiza sisi Waafrika. Mwaka 1869 Mwingereza Francis Galton alitoa kitabu kilichodai kwamba akili kubwa hurithiwa katika damu, akayapanga hata mataifa ya watu kwa ngazi, Mwafrika akiwekwa chini ya Mzungu. Katika miaka ya 1930, pale Nairobi, Dakta H. L. Gordon na mwenzake F. W. Vint walipima vichwa na ubongo wa Waafrika, wakadai kwamba umepungukiwa kwa asili. Makala ya Vint ilichapishwa mwaka 1934, mwaka uleule Nyerere alipoanza shule. Watu ambao hawakupewa shule walihukumiwa kwa kukosa matunda ya shule, kisha hukumu hiyo ikaitwa maumbile.

Na hukumu hiyo ilitolewa huku ushahidi umefukiwa ardhini, karibu kabisa na Nyarubungo. Mkoani Kagera watu waliyeyusha chuma tangu karibu miaka 2,000 iliyopita. Peter Schmidt na Donald Avery walieleza utaalamu wa tanuri hizo katika jarida la Science mwaka 1978, baada ya wazee wa Kihaya, walioiacha kazi hiyo kwa miaka mingi, kukumbushana hatua zake na kuyeyusha tena. Upande wa Biharamulo na Geita walikuwapo Warongo, wafua chuma mashuhuri waliotoka katika makabila mbalimbali. Jina lao lilikuwa la kazi kuliko la damu. Kijana alivukuta mivukuto, alichoma mkaa, alitazama rangi ya moto, alikosea, akakaripiwa, akarudia. Alipokuja kuwa fundi, watu walisema amejaliwa. Sawa, amejaliwa, lakini ile miaka ya moshi nani ataihesabu?

Hata leo tunazo shule tunazoziita za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe na Kilakala. Ni shule za kujivunia. Ila tukumbuke kwamba huchagua kwa alama za mtihani, na mtihani hupima mtoto alichokwisha kupata. Mtoto ambaye hakupata mwalimu wa hesabu wala kitabu hawezi kukionyesha kwenye karatasi.

Basi, mzee wangu wa Nyarubungo, jibu langu ni hili. Ripoti ile ingeweza kukuambia kwa haki jambo moja tu: kwamba kwa leo binti hajaziweza hesabu. Hayo ndiyo aliyoyaona mwalimu. Nenda shuleni umwulize kwa heshima: ni mada zipi zimemshinda, alizikosa lini, na nani atamrudisha nyuma azishike? Usimwachishe fizikia na kemia kwa ajili ya neno moja ambalo majirani watatu wamelifasiri namna tatu. Na jioni, kazi za nyumbani zikiisha, mwachie taa na saa moja ya daftari. Kupewa ni kwa Mpaji. Kufukia au kutofukia kumo mikononi mwetu.